STELINGI HAFI: Hukumu za filamu katika sebule za Ngara na Biharamulo

Mtaalamu wa sinema akiandika kwamba filamu fulani ni nzuri au ni mbovu, maneno yake husomwa na wachache. Lakini mama wa Rulenge akitamka, huku akimenya ndizi na jicho moja likiwa kwenye kioo, kwamba mchezo huu haunogi, basi mchezo huo umekwisha. Kesho asubuhi hukumu yake itakuwa imefika kisimani, adhuhuri itakuwa sokoni, na ifikapo jioni kijana mwenye duka la kuwajazia watu filamu kwenye flashi atakuwa anajiuliza kwa nini hapana aiulizaye tena.

Mahakama ya namna hiyo haina hakimu aliyeteuliwa wala karani wa kuandika kumbukumbu. Hukaa kila jioni baada ya chakula, wazee juu ya viti na watoto juu ya mkeka, na kesi husikilizwa huku watu wakizungumza wote kwa pamoja. Katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo, mahakama hiyo ina mambo yake ya pekee. Huko swali la kutazama nini haliachani na swali la kusikiliza kwa lugha gani, na katika nyumba yenye bibi, mama na mjukuu, swali la lugha ni swali la nani atacheka na nani atabaki kuuliza wengine wanacheka nini.

WALIONEKANA KABLA YA KUONA

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni, na ilichelewa kwa kutaka. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini kwa upande wa Bara, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba chombo hicho ni ghali mno kwa nchi yenye kazi nyingi za kufanya, na kwamba kingewafaa watu wachache wa mijini kuliko wakulima walio wengi. Redio ndiyo iliyoubeba mzigo. Picha za kutembea, kwa mtu wa kijijini, zilikuwa ni zile za gari la sinema: shuka jeupe latundikwa, mashine yawashwa, na kijiji kizima chakaa chini kutazama filamu ya kilimo cha kisasa au ya afya. Wengine walizikumbuka mpaka uzeeni filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama vile "Muhogo Mchungu", ambamo mchezaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Majirani hawakungoja. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Burundi mwaka 1984 na Rwanda mwaka 1992. Kwa upande wa Bara, stesheni za kwanza, zikiwa mali ya watu binafsi, zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na ITV ikiwa mojawapo. Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC, ilifuata baadaye.

Mwaka huo huo wa 1994 ndio ulioitia Ngara katika televisheni za dunia. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda walivuka Mto Kagera kwenye daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo. Kambi ya Benaco ikaota juu ya vilima kama mji uliojengwa usiku. Wapigapicha wa London, Paris na Atlanta wakafika na mitambo yao, na milima ya Ngara ikaonekana katika sebule za watu ambao hawakuweza hata kulitamka jina la wilaya hiyo. Wenyeji wenyewe, waliogawana kuni, maji na mashamba na wageni hao, walikuwa wengi wao hawajawahi kumiliki kioo cha kujitazamia. Walionekana kabla ya kuona. Chombo kilichowahudumia wao na wakimbizi kilikuwa redio: Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya shirika la Kijesuti la kuwahudumia wakimbizi.

Nadhani jambo hili limeacha alama. Mtazamaji wa Ngara aliyeyashuhudia yale kwa macho yake hatishwi upesi na filamu ya vita. Huuliza mambo madogo madogo: hawa watu wanaokimbia mbona hawakubeba sufuria? Mbona hakuna aliyemfunga mtoto mgongoni? Mtengenezaji wa filamu wa Hollywood hajui kwamba kuna mtu pembezoni mwa Mto Ruvubu anayemkagua sufuria.

KIBANDANI

Kwanza watu hawakutazama nyumbani. Walikwenda kwenye banda la video: kuta za mabanzi au matofali mabichi, mabenchi, jenereta inanguruma nje, na ubao wenye jina la filamu lililoandikwa kwa chaki, aghalabu kwa makosa. Miji ya Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea umeme wa jenereta za dizeli, na vijijini hata huo haukufika. Mwenye jenereta ndogo, deki na kanda kumi alikuwa bwana mkubwa. Barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, inayopita Lusahunga, Nyakahura na Benaco, ilisaidia pia. Kila mahali malori yanapolala, haikosi kuwapo chai, nyama choma na mahali pa kutazama picha.

Waliohukumu filamu wakati huo walikuwa vijana wa kiume, na sheria zao zilikuwa chache. Ya kwanza ndiyo iliyoyapa makala haya jina: stelingi hafi. Stelingi ni yule mchezaji mkuu, na neno hilo, ingawa lilitoka ugenini, limekaa kwetu muda mrefu kiasi kwamba sasa lina haki zote za uraia. Stelingi aweza kupigwa risasi ya bega, aweza kufungwa kamba na kutupwa mtoni, lakini kufa, hapana. Arnold Schwarzenegger katika "Commando" ya mwaka 1985 aliitii sheria hiyo kikamilifu: alimaliza kisiwa kizima cha maadui akatoka na mikwaruzo michache.

Filamu ya Kihindi ya "Sholay", ya mwaka 1975, ndiyo iliyoleta taabu. Humo Amitabh Bachchan anakufa. Ubishi uliotokana na kifo hicho haujaisha mpaka leo katika mabaraza ya wenye umri. Wako washikao kwamba sheria ilivunjwa, na wako wenye akili za kisheria zaidi wasemao kwamba sheria haikuvunjwa hata kidogo, kwani stelingi wa kweli alikuwa Dharmendra, aliyebaki hai na kumpata mchumba. Mimi hoja hii ya pili naiona ni ya ujanja. Aliyeishika mioyo ya watu ni Amitabh, na kila mtu anajua.

Kisha vyombo vikashuka bei. Deki za kanda zikafuatwa na mashine za sidii, sidii zikafuatwa na flashi na kadi ndogo za simu; televisheni bapa ikaingia, paneli ya sola ikapanda juu ya bati. Filamu ikahama kutoka kibandani ikaingia nyumbani, na mara baraza la mahakimu likabadilika. Mama, ambaye hakuweza kwenda kukaa bendani usiku na wanaume, sasa ana kiti cha mbele. Bibi yupo. Watoto wapo. Swali la nani anapiga zaidi likapungua nguvu, yakaja maswali mengine: huyu mwanamke ana haki ya kuondoka? Yule mama mkwe kwa nini amemnyima kijana radhi? Mume aliyerudi kutoka mjini na mke wa pili, je, asamehewe? Hakuna haja ya kuwa mtaalamu ili kuyajibu. Kila aliyewahi kuolewa au kuoa anao ushahidi.

MFASIRI NA CHUMVI YAKE

Filamu ya kigeni huja na maneno ya kigeni, na hapo ndipo ameingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, ametangaza filamu katika nchi za Maziwa Makuu kuliko kampuni yoyote: mfasiri. Nchini Uganda huitwa VJ, naye hukaa na kipaza sauti akiieleza filamu kwa Kiganda juu ya sauti za wachezaji wenyewe. Kazi hiyo imeshika mizizi kiasi kwamba filamu ya Kampala iitwayo "Who Killed Captain Alex?", iliyotengenezwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, imekwenda duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake kama sehemu ya filamu yenyewe. Dar es Salaam kulikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye Kiswahili chake kiliwafanya watu wa vibandani wazielewe filamu za China, India na Marekani. Na Rwanda kuna kile kiitwacho agasobanuye, yaani filamu iliyofafanuliwa, ambayo wafasiri wake mashuhuri kama Yanga na Rocky walipata umaarufu kama wa wachezaji.

Hili la agasobanuye ndilo linaloitofautisha Ngara. Lugha za wenyeji wa huko, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini masikio hayakuwekewa mpaka. Bibi wa Kabanga ambaye Kiswahili cha Dar es Salaam humpita kama lori la kwenda Bujumbura, akisikia mfasiri wa Kigali huketi sawasawa. Anaelewa. Anacheka mahali pa kucheka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, filamu inamsemesha yeye.

Wajukuu wake, kwa upande wao, wamesomeshwa kwa Kiswahili. Kihangaza cha nyumbani wanakijua, lakini Kinyarwanda cha haraka chenye misemo ya mitaa ya Kigali huwashinda hapa na pale, nao wanataka mfasiri wa Kiswahili au tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili. Basi jioni hugawanyika. Ikiwekwa ya bibi, watoto huuliza. Ikiwekwa ya watoto, bibi huuliza. Katika nyumba nyingi mama ndiye daraja: anatafsiri ufasiri, mara kwa huyu, mara kwa yule, na mwisho wa filamu yeye ndiye pekee ambaye hakuiona vizuri. Jambo hili dogo lafaa kufikiriwa na wote wanaozungumzia habari za lugha na malezi. Watoto wanaokaa jioni mbili kwa wiki karibu na bibi, wakibishana naye juu ya adui na stelingi, wanapata Kihangaza ambacho hakuna shule itakayowapa. Wakipewa kila mmoja simu yake na filamu yake, wataelewa kila neno na hawatakuwa na wa kubishana naye.

Biharamulo mambo ni mengine kidogo. Huko Wasubi, Wazinza, Wahaya, Waha na Wasukuma wameishi pamoja na kuchanganyika, na Kiswahili ndicho kikao chao cha pamoja. Mfasiri wa Kiswahili hana mpinzani mkubwa.

Kuhusu mfasiri mwenyewe, watazamaji wamegawanyika, na mgawanyiko huo haufuati wilaya wala umri. Kundi moja husema kwamba mfasiri ndiye filamu. Ndiye anayempa polisi wa Hong Kong jina la mtu mnayemjua, ndiye anayemfanya jambazi wa Chicago alalamikie bei ya sukari. Kundi la pili husema mfasiri ni mwongo: watu wawili kwenye kioo wameagana kwa maneno matatu, yeye ameeleza kwa dakika nzima, tena ameingiza habari za mkwe wake. Hutia chumvi mpaka mchuzi haulambiki.

Mimi nipo katikati, ila naelemea upande wa chumvi. Hadithi zetu zilisimuliwa hivyo tangu zamani, na msimulizi asiyeongeza lolote alionekana mchoyo. Kosa lake naliona mahali pamoja tu. Mtu kwenye kioo akilia, mfasiri afunge mdomo. Kilio hakihitaji kufasiriwa, na mara nyingi yeye hapo ndipo anapoona nafasi nzuri ya kutia mzaha.

DOUDOU NA MAMA WAKWE ZAKE

Ipo njia nyingine, nayo ni ya kuondoa kabisa sauti ya mgeni na kuweka ya kwetu. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, unaomhusu msichana aitwaye Mao Doudou, aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana, hivyo akajikuta ana mama wakwe wawili. Mchezo ulipendwa hata Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliutaja kuwa umewawezesha watazamaji wa Tanzania kuyajua maisha ya kawaida ya familia za Kichina.

Nani asiyejua kwa nini ulipendwa? Mama mkwe mmoja ni mtihani. Wawili ni chuo. Na jambo lililowashangaza wengi lilikuwa kwamba Mchina wa mchezo huu hakuruka juu ya paa. Alipika, akafua, akanuniwa, akaomba msamaha. Kwa watu waliolelewa na Bruce Lee, hiyo ilikuwa habari mpya kabisa juu ya China.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Azam TV, iliyoanza matangazo mwishoni mwa mwaka 2013, ilileta kwa Kiswahili tamthilia ya Kituruki ya "Sultan", juu ya Suleiman aliyetawala dola ya Uthmaniya kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, na mwanamke Hurrem, aliyeletwa katika jumba lake akiwa mateka na kupanda mpaka kuwa mke wa mfalme. Hakuna mwanamke wa kwenye kioo aliyehukumiwa kwa ukali na kutetewa kwa ukali kama huyu. Wasemao ni mchawi wa fitina wana ushahidi wa kutosha. Wasemao kwamba mtu aliyeuzwa kama mbuzi hana budi kuwalinda watoto wake kwa silaha aliyonayo, nao wana neno. Katika nyumba zenye mitala, na Kagera zipo, ubishi huu hukoma ghafla mke mwenza akiingia.

Ndugu msomaji ataona kwamba tumetaja China na Uturuki, na bado hatujafika nyumbani.

ZA KWETU

Filamu za Kitanzania, ziitwazo Bongo Movies, zilipata nguvu katika miaka ya 2000. "Girlfriend" ya mwaka 2003 ilifungua njia, na baada yake zikaja kanda na diski kwa mamia. Mtu aliyezibeba mabegani alikuwa Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyetokea kundi la Kaole, ambaye mwaka 2006 alitoka katika "Dar 2 Lagos" na kuanza kufanya kazi na wachezaji wa Nigeria. Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 28, na umati uliojitokeza kumzika Kinondoni ulikuwa wa namna ambayo aghalabu huonekana kwa viongozi tu. Huko Biharamulo na Ngara, maelfu ya kilometa za barabara kwenda na kurudi, watu walikaa kimya mbele ya filamu ambazo walikuwa wameziona mara nne. Sheria ya stelingi ilikuwa imevunjwa nje ya kioo, ambako haina nguvu.

Malalamiko juu ya filamu hizi ni mengi, na yanatolewa na watu wanaozipenda. La kwanza ni lile la sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hadithi inayotosha saa moja na nusu ilikatwa mapande mawili ili inunuliwe mara mbili, na ili pande la kwanza lijae, mtu alionyeshwa akiendesha gari kutoka getini mpaka barabarani, akirudi nyuma, akifunga mlango, akivua miwani. Watazamaji waliliona hilo upesi kuliko watengenezaji walivyodhani. Wanyonge hawapendi kupimiwa vibaba pungufu, iwe ni mchele au hadithi. Hapo nawaunga mkono bila shaka yoyote.

La pili ni majina ya Kiingereza juu ya filamu za Kiswahili, jambo ambalo bibi wa Rulenge hana la kusema juu yake kwa sababu hayasomi.

La tatu ni zito zaidi. Katika filamu nyingi za kwetu, jiji ni nyumba ya ghorofa yenye makochi meupe, na kijiji ni mahali pa mganga na mchawi. Mtu wa Nyakahura anayetazama anatafuta mahali pake humo na hapaoni. Hakuna kibanja cha migomba, hakuna mkulima anayeuza maharage kwa dereva wa lori, hakuna mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kazi mpakani, hakuna ndoa kati ya mtu wa upande huu wa Rusumo na wa upande ule. Na hali hizo ndizo zenye hadithi! Wilaya zilizopokea mwaka 1994 wakimbizi wengi, zina mapenzi, usaliti, ukarimu na ugomvi wa mipaka ya mashamba wa kutosha miaka hamsini ya tamthilia. Wasanii wetu watakapochoka na makochi meupe, barabara ya lami iendayo huko ipo.

Husemwa pia kwamba filamu zetu zinaliza mno. Hapo sikubaliani na walalamikaji. Hao hao wanaolalamika ndio wanaoomba leso.

MKWE AKIWAPO

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua wazazi kuliko yote, nalo ni rimoti.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka Bodi ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa kwa umma. Lakini bodi haikai sebuleni. Flashi iliyojazwa filamu thelathini sokoni haina alama ya umri wala maelezo. Baba huinunua kwa kuwa muuzaji amemwambia zote ni za mapigano. Saa mbili usiku familia imekaa, mkwe yupo, mkaza mwana yupo, watoto wako mkekani. Na mapigano yakipumzika kidogo, mwanamume na mwanamke kwenye kioo wanaanza kufungua vifungo.

Anayejua heshima iliyopo kati ya mkwe na mke wa mwanawe katika sehemu hizo haitaji kuelezwa zaidi. Baba hukohoa. Mama hukumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Mkubwa wa watoto, ambaye ndiye pekee ajuaye kuitumia rimoti, hutafuta kitufe cha kupeleka mbele kwa utaratibu unaotia mashaka. Wengine wamepata dawa ya kuizitazama kwanza wakubwa peke yao, jambo jema, ila lahitaji umeme wa mara mbili. Wengine wameamua watoto watazame katuni na wakubwa taarifa ya habari, basi. Nyumba moja kwa nyingine zinatofautiana, na sioni sababu ya kuzipangia zote utaratibu mmoja. Ninaloliona ni kwamba pale wazazi wanapokaa na kutazama pamoja na watoto, hata ile aibu ya dakika moja huwa na kazi yake: mtoto anajifunza kutokana na kikohozi cha baba kile ambacho baba asingeweza kukisema.

BEI YA JIONI

Kutazama kuna gharama. Baada ya mitambo ya zamani kuanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012 na nchi kuingia katika matangazo ya dijitali, king'amuzi kimekuwa chombo cha lazima kama ndoo ya maji, na kifurushi cha mwezi kimeingia katika hesabu za nyumba pamoja na sabuni na ada. Kifurushi kikiisha tarehe 20, tamthilia haingoji mshahara.

Hapo ndipo flashi inaposhinda. Kwa bei ya soda mtu anapata filamu za mwezi mzima, lakini aliyezitengeneza hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki ili zile halali zijulikane. Stempu hubandikwa juu ya diski. Juu ya filamu iliyomo ndani ya kadi ya simu itabandikwa wapi? Watazamaji ukiwauliza hawajioni wezi. Wanasema wamelipa, na kweli wamelipa, ila wamemlipa asiyehusika. Mtu anayelalamika kwamba filamu za kwetu zimetengenezwa kwa haraka na kwa makochi yale yale anapaswa kuijua sababu mojawapo, na sababu hiyo iko mfukoni mwake, imefungwa kwenye uzi pamoja na funguo.

Umeme wenyewe umesogea. Hapo Rusumo, kwenye maporomoko ya Mto Kagera, kumejengwa mtambo wa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Lakini mbali na nguzo bado ni sola na betri, na betri ina tabia ya kuzimika stelingi akiwa amening'inia ukingoni mwa jengo.

Kioo kikizimika hivyo, nyumba hailali mara moja. Kibatari au tochi ya simu huwashwa, na filamu huendelea bila picha. Mtoto mmoja anamwokoa stelingi kwa helikopta. Mwingine anasema hapana, kamba ilikuwapo, hukuiona? Bibi anataka yule mwanamke aliyeachwa sehemu ya mwanzo arudi, kwani hakuna aliyemjali. Wakati mwingine betri ikipata jua siku ya pili na filamu ikamaliziwa, mwisho wa kweli unaonekana dhaifu kuliko ule wa gizani, na mtoto wa helikopta analalamika kwamba filamu imekosea. Hapo flashi hupelekwa nyumba ya pili kwa bodaboda, pamoja na onyo kwamba mwisho wake si mzuri sana, ila wasubiri hadi yule mwanamke atokee.